Waifai ya ghorofani vijiti vimejaa lakini hakuna intaneti: naomba msaada wa kupanga IP

bandari_ndogo (mtoa mada), Jumatatu saa 4:10 usiku

Assalaam aleikum wakuu, na kwa wengine habari za usiku.

Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Mji Mkongwe, Unguja. Vyumba 9, ghorofa mbili na paa la kunywea chai. Nyumba ya kale hii, kuta za mawe na chokaa, nene kiasi kwamba ukikaa kwenye kizingiti cha dirisha miguu haitoki nje. Ruta ya intaneti iko chini, mapokezi. Ukipanda ngazi kumi tu vijiti vinaanza kupukutika, ukifika ghorofa ya pili simu haioni kitu.

Kabatini nilikuwa na ruta ya zamani, nzima kabisa, tuliyoiweka pembeni tulipohamia kampuni nyingine. Fundi mmoja akaniambia nisinunue kitu, hiyo hiyo inatosha kuwa akses pointi, yaani kifaa cha kurushia waifai tu. Akavuta kebo toka chini hadi juu, akachomeka, akaweka jina la waifai na pasiwedi ile ile ya chini, akaenda zake. Siku ya kwanza raha. Siku ya pili balaa: mgeni wa chumba namba 7 simu yake inaandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti" na vijiti vimejaa. Mkewe yuko pembeni yake, kitanda kimoja, anaangalia video bila tabu. Jioni mimi mwenyewe nimekaa hatua tatu kutoka ruta kubwa, nikakosa.

Fundi nimempigia, anasema ile ruta imechoka, ninunue mpya. Kabla sijatoa hela naomba mawazo yenu.

Kibuyu77, saa 4:22 usiku

Zima ruta zote mbili, hesabu dakika tano, washa. Kwangu ndiyo dawa siku zote.

bandari_ndogo, saa 4:25 usiku

Tangu asubuhi nimezima mara nne mkuu. Inakubali dakika kumi, inarudi pale pale.

mlima_wa_data, saa 4:41 usiku

Nyumba za mawe hazitaki kubabaisha. Nunua seti ya meshi (vifaa vya waifai vinavyopokezana mtandao) ya vifaa vitatu, kimoja kila ghorofa, umemaliza. Hizo ruta za kabatini ni kupoteza muda.

Bi_Swichi, saa 5:02 usiku

Asinunue kwanza. Meshi kwenye kuta za namna hiyo nayo itataka kebo, na kebo tayari anayo.

Ndugu yangu mtoa mada, naomba vitu viwili. Kwanza, kebo inayotoka chini imechomekwa tundu gani kwenye ruta ya juu? Ni lile la peke yake lenye rangi tofauti, limeandikwa WAN au Internet, au ni moja ya yale manne ya LAN, yaani mtandao wa ndani? Pili, chukua laptopu upande nayo juu, iunganishe na waifai ya juu, fungua lile dirisha jeusi la amri uandike `ipconfig` (inaonyesha IP, yaani namba ya anwani ya laptopu kwenye mtandao, na getiwei, mlango wa kutokea kwenda intaneti), kisha `arp -a` (inaonyesha kila anwani ni ya MAC ipi, yaani namba ya kiwandani ya kifaa). Nakili yaliyotoka. Shuka nayo chini, chomoa kebo ya kwenda juu, unganisha tena, fanya vile vile.

bandari_ndogo, Jumanne saa 2:15 asubuhi

Dada yangu samahani, jana nililala. Kebo iko tundu la LAN namba 1. Majibu haya hapa.

Juu:
Anwani ya IPv4: 192.168.1.103
Subneti maski: 255.255.255.0
Getiwei: 192.168.1.1
Kwenye arp, 192.168.1.1 namba ya MAC inaishia 3c-a1

Chini:
Anwani ya IPv4: 192.168.1.7
Subneti maski: 255.255.255.0
Getiwei: 192.168.1.1
Kwenye arp, 192.168.1.1 namba ya MAC inaishia 77-0e

Mbona naona sawa tu? Getiwei ni moja.

Bi_Swichi, saa 2:48 asubuhi

Getiwei ni moja kwa namba. Sasa geuza hizo ruta, soma kibandiko cha chini, utafute MAC.

bandari_ndogo, saa 2:55 asubuhi

Lahaula. Ya juu ni 3C-A1, ya mapokezi ni 77-0E.

Bi_Swichi, saa 3:20 asubuhi

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Ruta yako haijachoka hata kidogo.

Ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kama anwani yao wenyewe. Hizi za 192.168 ni anwani za matumizi ya ndani, zilitengwa rasmi na waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 1918 mwaka 1996, kwa hiyo nyumba yako na ya jirani mnaweza kutumia zile zile bila kugombana. Tatizo linakuja vifaa viwili vyenye anwani moja vikiwa kwenye waya mmoja, na fundi wako ameviunganisha hivyo hivyo.

Fikiria uchochoro wa hapo kwenu wenye akina Bi Mwanaisha wawili. Mgeni akiuliza "kwa Bi Mwanaisha ni wapi," mtoto wa kwanza kumsikia anampeleka kwa yule anayemjua yeye. Simu inataka kutoka kwenda intaneti, inauliza mtandao mzima: 192.168.1.1 ni nani? Ruta zote mbili zinajibu "mimi". Ya chini ina mlango wa kutokea barabarani. Ya juu haina, tundu lake la WAN ni tupu. Simu ya yule bwana wa chumba namba 7 ilishika jibu la juu, ya mkewe ikashika la chini. Na jibu hilo simu hulikumbuka kwa muda tu, kisha inauliza upya, ndiyo maana inakubali na kukataa. Ukizima na kuwasha unachezesha bahati nasibu upya, hakuna kingine.

Kosa la pili: ruta zote mbili zinagawa anwani, yaani DHCP iko wazi kote kote. Wagawaji wawili wasiojuana kwenye mtandao mmoja ni vurugu. Abaki mmoja, yule wa chini.

Dawa yake sasa, na ufuate mpangilio huu.

Chomoa kebo inayotoka chini kabla ya kugusa chochote. Usipoichomoa, ukiandika 192.168.1.1 kwenye brauza hujui unafungua ukurasa wa nani, unaweza ukazima ugawaji kwenye ruta ya mapokezi na nyumba nzima ikose. Kisha zima waifai ya laptopu, chukua kebo fupi, chomeka laptopu kwenye tundu la LAN la ruta ya juu. Fungua ukurasa wake, nenda sehemu ya LAN, badilisha anwani yake ya IP. Makundi matatu ya mwanzo, 192.168.1, yabaki kama yalivyo. La mwisho ndilo unalobadilisha. Maski iache 255.255.255.0. Hifadhi, ruta itajiwasha upya, ufungue tena kwa anwani mpya, ndipo uzime DHCP.

Kwa ruta ya chini, angalia inagawa kuanzia ngapi hadi ngapi. Nyingi hugawa 2 hadi 254, yaani haibakizi hata moja. Ibane igawe 100 hadi 200. Anwani ya akses pointi ichague nje ya hapo, isije ikapewa simu ya mtu.

Pwani_Net, saa 3:37 asubuhi

Bi_Swichi mbona unamzungusha? Achomeke kebo kwenye WAN ya ile ruta ya juu, LAN yake aiweke 192.168.2.1, DHCP aiache. Dakika mbili kazi imekwisha, na wageni wanakuwa na mtandao wao mbali na ofisi. Mimi nimefunga hivyo sehemu nyingi tu.

Bi_Swichi, saa 4:05 asubuhi

Intaneti itapatikana, sikatai. Ila hilo la "mbali na ofisi" limekaa kinyume kaka. Ukipanga hivyo, aliye chini haoni vya juu, lakini aliye juu anaona vya chini vyote, kwa sababu kila anachotuma kinapitia mtandao wa chini ndipo kitoke. Mgeni wa chumba namba 7 akiandika 192.168.1.1 ukurasa wa ruta ya mapokezi unamfungukia. Uliyetaka kumlinda ndiye uliyemwacha wazi. Akitaka kutenga wageni atumie mtandao wa wageni wa ruta kubwa au VLAN (kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa iliyotengana), na kwa ruta ya kabatini VLAN sidhani kama ipo.

Halafu anwani zitatafsiriwa mara mbili, juu na chini, kila ruta ikiweka yake badala ya ya simu. Kwa kuangalia video hutajua. Siku mgeni anataka kuchapa tiketi kwenye printa ya mapokezi na simu yake haiioni kwenye orodha mpaka aiandikie anwani, ndiyo utajua.

Pwani_Net, saa 4:11 asubuhi

Hilo la kuona vya chini sikuwahi kulijaribu. Nitalijaribu leo.

Pwani_Net, saa 8:30 mchana

Nimejaribu. Ni kweli. Kuna wateja wawili inabidi niwarudie.

bandari_ndogo, saa 10:02 jioni

Nimekwama jamani. Nilianza na kuzima DHCP, nikahifadhi, ruta ikajiwasha, sasa ukurasa haufunguki. Nimeandika `ipconfig` naona anwani 169.254.88.31. Hii kanipa nani? Mimi 169 sijaiandika popote.

Bi_Swichi, saa 10:19 jioni

Nilisema anwani kwanza, DHCP baadaye. Haya, si kitu.

Hakuna aliyekupa, laptopu imejipa yenyewe. Ikiomba anwani na kukosa wa kuijibu hujichagulia moja ya 169.254. Ukiiona hiyo popote ujue mgawaji hayupo au waya umekatika. Wewe mgawaji umemzima kwa mkono wako, kwa hiyo laptopu na ruta sasa wako mitaa miwili tofauti, hawasikilizani.

Nenda kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao ya laptopu, IPv4, uandike kwa mkono: anwani 192.168.1.50, maski 255.255.255.0. Getiwei iache wazi. Fungua tena 192.168.1.1, umalizie kubadilisha anwani ya ruta.

Ukimaliza kila kitu rudisha laptopu ijipatie anwani yenyewe. Narudia: rudisha. Watu wengi husahau hapa.

bandari_ndogo, saa 11:40 jioni

Allahu akbar! Imekubali. Akses pointi nimeipa 192.168.1.64, mwaka wa Mapinduzi, nisiisahau. DHCP imezimwa. Ya chini inagawa 100 hadi 200. Kebo nimerudisha tundu la LAN. Nimepanda hadi paani, nimeshuka, nimeingia kila chumba kisicho na mtu, simu haijakatika. Mgeni wa chumba namba 7 kanipa mkono.

Dada yangu Mungu akuzidishie. Na yule fundi aliyesema imechoka!

Bi_Swichi, saa 12:05 jioni

Amin. Mambo madogo yaliyobaki: ruta ya chini iweke chaneli 1 na ya juu 6 au 11, kwa upande wa 2.4 GHz, zisisemee juu ya nyingine. Kwenye ya juu, kama kuna sehemu ya kuandika getiwei na DNS (inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) za kifaa chenyewe, zote weka 192.168.1.1, ili iweze kupata saa na masasisho. Na ubadilishe nywila ya kuingilia ukurasa wa mipangilio kwenye ruta zote mbili. Kama bado ni admin na admin, mtoto yeyote wa mgeni anaweza kukubadilishia nyumba.

Kibuyu77, saa 1:15 usiku

Na mimi nimejifunza, naweka alama uzi huu. Kumbe dakika tano zangu zilikuwa bahati nasibu.

bandari_ndogo, Alhamisi saa 3:50 usiku

Wakuu nimerudi, msinichoke. Waifai haina shida, wageni wanafurahi. Ila tangu jana picha ya kamera ya mlango wa nje inapotea kwenye skrini ya mapokezi, inarudi, inapotea. Na kuna kioja kingine. Nikiandika 192.168.1.64 kubadilisha ile nywila, mara unakuja ukurasa wa ruta ya juu, mara unakuja ukurasa wa kamera unaniomba nywila ya kamera. Nilidhani nimebonyeza vibaya. Nimerudia mara saba.

mlima_wa_data, saa 4:02 usiku

Kamera ni Hikvision?

bandari_ndogo, saa 4:04 usiku

Ndiyo. Umejuaje?

mlima_wa_data, saa 4:15 usiku

Kwa sababu kamera za Hikvision hutoka kiwandani na 192.168.1.64. Aliyekufungia hakuibadilisha, akaiacha hapo. Wewe katika namba zote ukaenda kuchagua ya Mapinduzi, na kamera ilikuwa imekaa pale siku zote. Akina Bi Mwanaisha wameongezeka.

Za Dahua zenyewe hukaa 192.168.1.108. Na sasa namgeukia Bi_Swichi kwa heshima zote: umemwambia agawe 100 hadi 200. Siku akinunua Dahua na fundi akaiacha kama ilivyotoka, 108 iko katikati ya mgawo.

Bi_Swichi, saa 4:33 usiku

Umenikamata, shikamoo. Mtoa mada, mgawo uanzie 120.

Na kosa jingine ni langu. Nilikwambia uchague namba nje ya mgawo, sikukwambia uhakikishe kuwa haina mwenyewe. Kabla ya kumpa mtu anwani ipigie ping kwanza, kwa mfano `ping 192.168.1.2`. Ikijibu, ina mwenyewe. Isipojibu usiamini bado, kuna vifaa hukataa kujibu ping makusudi. Andika `arp -a` papo hapo uangalie kama namba hiyo imejitokeza na MAC pembeni yake. Kifaa kinaweza kukaa kimya kwenye ping, lakini kwenye arp lazima kiitike, la sivyo chenyewe hakiwezi kuwasiliana na mtu.

Mbona waifai haikusumbuka safari hii? Kwa sababu ruta ya juu sasa ni daraja tu, inapitisha mizigo ya watu bila kuuliza. Anwani yake ni ya kufungulia ukurasa wa mipangilio basi, hakuna simu inayoitumia kama mlango wa kutokea. Ingekuwa imegongana na 192.168.1.1 tena, mngelia wote.

Ihamishie 192.168.1.2. Ili uipate yenyewe na siyo kamera, chomoa kebo ya chini kama ulivyofanya juzi.

Kibuyu77, saa 4:50 usiku

Swali la pembeni. Kwa nini asifunge anwani kwa MAC, kila simu na namba yake? Si ndiyo ingekuwa salama?

mlima_wa_data, saa 5:01 usiku

Printa sawa, kamera sawa. Simu za wageni utachoka. Kuanzia Android 10 na iOS 14 simu huonyesha MAC ya kubuni kwa kila waifai badala ya ile halisi, na mgeni mwenyewe anaondoka keshokutwa.

Ila kwake naona jambo lingine. Lile paa la chai linaingiza watu gani, wageni wa vyumba tu au na wapita njia?

bandari_ndogo, saa 5:08 usiku

Wapita njia wengi, hasa magharibi, wanakuja kuangalia jua linazama. Pasiwedi iko ukutani.

mlima_wa_data, saa 5:17 usiku

Basi punguza muda wa kukopesha anwani kwenye ruta ya chini. Nyingi hukopesha kwa saa 24. Mtu anakunywa kikombe kimoja cha chai, anaondoka na anwani mpaka kesho saa ile ile. Kutoka 120 hadi 200 una anwani 81. Wikiendi moja nzuri zinakwisha, na wa 82 simu yake itabaki kuandika "Inapata anwani ya IP" mpaka chai ipoe. Weka saa 2. Au mgawo upeleke hadi 250, nafasi unayo.

bandari_ndogo, Ijumaa saa 9:20 alasiri

Baada ya sala nimekaa nayo. Nimepiga ping 192.168.1.2, kimya, na kwenye arp haimo. Nimeihamisha. Kamera ya mlango imetulia, nimeiangalia saa nzima, nimemwona hadi paka wa jirani akiingia jikoni, sasa najua samaki wanakokwenda.

Nimeandika kwenye karatasi, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la mapokezi:

Ruta ya chini 192.168.1.1
Akses pointi ya juu 192.168.1.2
Kamera ya mlango 192.168.1.64
Printa 192.168.1.10
Wageni 120 hadi 250, saa 2

Fundi kapita leo kuulizia kama nimeshanunua ruta mpya. Nimemwonyesha karatasi. Kaipiga picha.

Bi_Swichi, saa 9:41 alasiri

Safi sana. Na laptopu uliirudisha?

bandari_ndogo, saa 9:43 alasiri

Ipi?

bandari_ndogo, saa 9:44 alasiri

Ngoja niiangalie.